Akawavika, kisha akawatoa

Somo la juma: Mwanzo 3:7, 21-23

Wapendwa, Bwana asifiwe. Juma hili nimekaa na neno moja tu: nguo. Tunalitamka tukifua, tukianika, tukichambua chagua, zile nguo za mitumba, sokoni, wala hatulisikii tena.

Ni neno la Kibantu kabisa. Zamani lilikuwa na b katikati, ngubo, halafu Kiswahili kikaimeza. Sisi wa Goma, mashariki ya Kongo, hatuhitaji mwalimu kwa hilo: jirani anayesema Kinyarwanda akisema kubona, wewe unasema kuona, akisema ingabo, wewe unasema ngao. Wazulu, mbali kule kusini, wameishika b yao: kwao ingubo ni vazi, hata blanketi. Na ngubo ya wazee wa kale haikuwa kitambaa peke yake. Ilikuwa pia ngozi ya mnyama ambayo mtu alijifunika.

Sasa soma aya ya 7: Adamu na mkewe walishona majani ya mtini, “wakajifanyia nguo”. Aya ya 21, Mungu mwenyewe anawafanyia “mavazi ya ngozi, akawavika”. Hapo nilicheka kidogo. Waliotutafsiria wameyapa majani jina la nguo, na neno lenyewe bado linanukia ngozi! Majani yale, kwa jua, yangefika jioni?

Lakini tazama hesabu ya aya. Anawavika katika 21, anawatoa bustanini katika 23. Adhabu haikufutwa, ila hawakutoka na majani.

Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, kulipuka, tulipoambiwa tuhame, nilitoka na gauni ya kulalia, mtoto mgongoni. Barabara ya kwenda mji jirani wa Sake ilijaa watu, magodoro, chukudu, yale magari ya mbao ya kusukuma. Nilitembea nimeinamisha kichwa kwa haya. Kule Sake mama mmoja muuza sombe, majani ya muhogo, alinitazama, akafungua kikwembe chake cha juu, kitenge cha kujifunga, akanifunga kiunoni, akakaza fundo mara mbili. Hakuniuliza ninasali wapi. Akarudi kwa sombe yake.

Miezi ilipita. Nilikifua, nikakipiga pasi, nikaenda kumtafuta. Alikuwa palepale. Alikikunjua, akakiangalia, akaniuliza: “Nani alikuambia nilikukopesha?” Akanifunga tena.