Kipimo cha michango ya 401(k): usisubiri Machi

Mhasibu wa Arusha unayeshika vitabu vya kampuni yenye makao makuu Marekani, iandike tarehe hii ukutani: 15 Machi. 401(k) ni mpango wa Marekani wa akiba ya kustaafu kupitia mwajiri, na kipimo chake hulinganisha michango ya wakubwa, yaani wenye mishahara minono na wamiliki, na ya wafanyakazi wa kawaida. Mwaka wa mpango ukiisha 31 Desemba, ziada ya michango ya wakubwa inayovuka kipimo irudishwe kwao, pamoja na faida yake, ndani ya miezi miwili na nusu. Ukichelewa, mwajiri hutozwa kodi ya asilimia 10 ya ziada hiyo. Ikipita miezi 12, hadhi ya kikodi ya mpango mzima iko hatarini.

Hesabu yenyewe ni nyepesi: wastani wa michango ya wafanyakazi wa kawaida ukiwa asilimia 3 ya mshahara, wa wakubwa usizidi 5. Kinachoangusha wengi ni orodha ya nani anahesabiwa, na upande upi. Mke wa mwenye zaidi ya asilimia 5 ya kampuni huhesabiwa na wakubwa hata akilipwa kidogo, na husahaulika mno. Watanzania wa ofisi ya Arusha wasio na kipato cha Marekani, kama mpango umewatenga, hawaingii kabisa. Wao wana NSSF.

Pima mapema, Septemba. Bado inabaki mishahara ya miezi mitatu ya kupunguza viwango vya wakubwa, badala ya kurudisha fedha baadaye.