Jinsi tulivyokiokoa kituo chetu Newala mfadhili alipopunguza hela

Mfadhili alivyopunguza hela, kituo chetu cha watoto wenye ulemavu kikabaki na akiba ya miezi miwili tu, na mimi ndo mshika fedha. Kosa letu lilikuwa kuomba michango mwezi wa tatu, wakati huku mtu hana hata mia! Tukahamishia msimu wa korosho, minada ikianza Oktoba mtu anaandika ahadi kwenye daftari, anatoa hela malipo ya korosho yakiingia benki. Ofisi ya kupanga tukaiacha, tukahamia stoo ya mwanachama, inanuka magunia ila bure. Mishahara tulikata wote, kuanzia mimi, isipokuwa mtu wa mazoezi ya viungo maana mtoto akikosa mazoezi miguu inakakamaa jamani. Desemba daftari likajaa tiki, bibi mmoja kaleta elfu tano kaifunga kwenye pindo la kanga. Hatujafunga hata siku moja.