Sindano mia mbili na ushee, na mafuta ya shangazi

Mguu ukivimba mmoja tu, tena ghafla, asikuchue mtu. Mimi nilichuliwa.

Mimba ilikuwa ya miezi saba. Mguu wa kushoto ukawa mzito, wa moto, ndala haiingii. Shangazi akasema ni baridi imeshuka, akapasha mafuta ya nazi na kunikanda kutoka kifundoni hadi pajani. Nililia. "Vumilia mwanangu, ndiyo inatoka hiyo." Usiku huohuo nikakimbizwa hospitali, utrasaundi ikaonyesha donge la damu kwenye mshipa wa paja. Daktari aliposikia habari ya mafuta alishika kichwa, maana donge likichomoka hukimbilia kwenye mapafu.

Nikaanzishiwa enoxaparin, sindano ya kuzuia damu isigande. Vidonge vya warfarin, vya kazi hiyohiyo, humfikia mtoto tumboni, hii haimfikii. Dozi ni miligramu 1 kwa kila kilo, kila saa 12. Nilikuwa na kilo 60, basi bomba zima la sindano la miligramu 60, asubuhi na jioni. Bei tuiache. Tuliuza friji.

Nesi alinielekeza mara moja, nikaitikia kama bingwa. Nyumbani nikaona kipovu cha hewa ndani ya bomba. Kwenye filamu si huwa wanakitoa? Nikabinya, na dawa ya maelfu ikarukia pazia. Iliyobaki nikaisogeza tumboni taratibu kama mtu anayemchokoza nyoka, ikaingia nusu, nikaichomoa kwa woga, nikairudisha. Kisha nikapasugua na kitambaa cha moto! Asubuhi palikuwa na alama ya zambarau, pana kama kisosi. Mume wangu akauliza nimegongwa na nini.

Nesi alicheka hadi akakaa. Kumbe ukichoma bomba zima, kile kipovu unakiacha. Ndicho kinachosukuma dawa hadi tone la mwisho. Na kusugua ni mwiko.

Ujanja wangu ukaja baadaye: barafu ya ukwaju. Naifunga kwenye ncha ya kanga, naibandika ubavuni mwa tumbo, mbali na kitovu, dakika moja hivi. Nabana mkunjo wa ngozi, sindano wima, mara moja, na mkunjo siuachii hadi sindano itoke. Halafu barafu naila. Nilichoma kwa zamu, kulia kisha kushoto; ili nisisahau upande, bangili nilikuwa naihamishia mkono wa upande niliotoka kuchoma. Mabomba yaliyotumika niliyatupia kwenye dumu lenye kifuniko nikarudisha hospitali, maana nyumbani kuna watoto.

Jino lilipouma nilikaribia kumeza diklofenaki. Uliza kwanza, jamani, damu yako iko laini, haigandi upesi.

Uchungu ulipoanza sikuchoma, kama nilivyoagizwa. Mtoto akatoka salama, nikarudia sindano wiki 6 nyingine.

Mguu sasa uko sawa. Shangazi anawaambia majirani kuwa ni yale mafuta.