Nilivyochuja blogu za ajira mpaka nikabaki na tano za kufuata

Nina steshenari ndogo hapa Morogoro, sio mbali na stendi ya Msamvu. Natoa kopi, naprinti, naskani, nafanya laminesheni, ila kazi inayoniweka mjini sasa hivi ni kuwaombea watu ajira mtandaoni. Mtu anaingia na bahasha ya vyeti kwapani na simu mkononi, ananionesha tangazo alilotumiwa kwenye grupu la WhatsApp anasema dada niombee hii, inafungwa kesho. Na ukilifuatilia hilo tangazo limetoka wapi, karibu kila siku limetoka kwenye blogu, watu huku hawaingii kabisa kwenye tovuti ya mwajiri, wanaingia kwenye blogu.

Kwa hiyo mimi blogu hizi nazijua kama muuza nyanya anavyojua matenga, lakini kwa miaka kama mitatu sikuwahi kukaa chini nikajiuliza ipi ya kuamini na ipi ya kuacha. Nilikuwa nafungua ile ambayo kila mtu anafungua, basi.

Kilichonigeuza ni mama mmoja aliyekuja na kijana wake kutoka Kilosa, Machi 2023. Kijana amemaliza diploma, tangazo wamelitoa kwenye blogu kubwa sana, ile ambayo ukitaja jina hapa stendi kila mtu anaijua, juu limeandikwa NAFASI MPYA kwa maandishi mekundu na tarehe ya juzi yake. Nikaskani vyeti vyote, nikamwandikia barua, nikawaelekeza kwa wakili wakagongewe muhuri nakala za vyeti, wakaenda wakarudi, saa kumi jioni ndio naingia kwenye Ajira Portal, tovuti ya Sekretarieti ya Ajira ya kuombea kazi za serikali, nijaze, natafuta hiyo nafasi haipo. Natafuta tena kwa jina la mwajiri, haipo. Nikaenda kwenye tovuti ya mwajiri mwenyewe nikakuta lile tangazo lilifungwa mwaka mmoja nyuma. Mwaka mzima! Hela yangu ya kuskani nikarudisha, lakini ya wakili na nauli ya watu wawili kutoka Kilosa nani anarudisha. Yule mama hakugomba hata kidogo, aliinyoosha tu ile bahasha kwa kiganja, akairudisha kwenye pochi taratibu, akaniambia asante mwanangu umehangaika. Afadhali angenigombeza maana usiku ule sikulala.

Kesho yake nikanunua kaunta buku. Nikaorodhesha kila blogu ambayo wateja walikuwa wameniletea tangazo lake, zikafika ishirini na mbili. Alafu nikajiwekea utaratibu kwamba kila Jumatatu nachukua tangazo moja jipya kutoka kwenye chanzo chenyewe, yani portal au tovuti ya benki au ya shirika lililotangaza, naliprinti, nabandika ukutani, alafu wiki nzima naangalia kila blogu imelitoaje. Imeweka mwisho wa kutuma maombi? Imeweka linki ya chanzo? Imenakili sifa zote au imekata? Wiki sita nilifanya hivyo, asubuhi kabla wateja hawajaanza kuja na usiku nikishafunga hesabu, na bando la mwezi ule liliniuma kweli.

Nilichokiona kilinishangaza. Blogu zinazosomwa sana ndio zilizokuwa na makosa mengi, sio zote ila nyingi, na ukikaa ukafikiria unaona kwanini. Hizi blogu zinakula kwa matangazo ya biashara, yale ya Google AdSense na mengine, na malipo yanakuja kwa watu kuingia na kubonyeza. Kwa hiyo mwenye blogu haumii wewe ukikosa kazi, ila anaumia usipofungua. Ndio maana tangazo moja la nafasi kumi na mbili linakatwa vipande kumi na mbili, kila nafasi na ukurasa wake ili ufungue mara kumi na mbili. Kuna moja ina vitufe vitatu vya kijani vimeandikwa PAKUA PDF, nilibonyeza cha kwanza nikapelekwa kwenye kubeti, cha pili nikaambiwa simu yangu ina virusi, PDF yenyewe ilikuwa kwenye maandishi madogo ya bluu chini kabisa ambayo bibi yangu hawezi kuyaona hata kwa miwani. Sasa fikiria mtu wa Kilosa na bando la mia tano, akifika chini limeshaisha.

Kitu kimoja nilichogundua ningependa kila mtu akijue, kinahusu tarehe. Blogu nyingi za hapa ziko Blogspot, na Blogspot ukichapisha posti inaweka mwaka na mwezi kwenye anuani yake, yani kule juu unakoandika jina la tovuti utaona kitu kama /2022/02/ alafu ndio kichwa cha habari. Mwenye blogu akiamua kulifufua tangazo la zamani anabadilisha tarehe inayoonekana kwenye ukurasa, inakuwa ya leo, lakini ile anuani inabaki na mwaka wake wa mwanzo. Nilirudi kwenye lile tangazo la kijana wa Kilosa nikaangalia juu. 2022, mwezi wa pili. Lilikuwa wazi muda wote mbele ya macho yangu. Tangu siku hiyo mteja akinipa simu, kabla sijasoma hata neno moja kidole changu kinaenda juu kwanza. Blogu ambazo hazionyeshi mwaka kwenye anuani nazo zipo, hizo hakuna njia ya mkato, inabidi kwenda kwenye chanzo.

Katikati ya hiyo kazi nilijikuta nakumbuka blogu za zamani zilivyokuwa, maana mimi nimeanza kusoma blogu nikiwa sekondari, intaneti kafe, dakika thelathini kwa mia tano. Wakati ule kila mtu alikuwa anafungua ya Michuzi. Issa Michuzi alikuwa mpiga picha wa gazeti la Daily News, blogu yake aliianza 2005 akiwa Helsinki, na aliyemshika mkono kuianzisha ni Ndesanjo Macha ambaye tayari alikuwa anaandika blogu yake kwa Kiswahili, Jikomboe. Nilichokuwa nakipenda kwa Michuzi nimekuja kukielewa vizuri mwaka juzi tu nikiwa na kaunta buku langu. Picha zake zina maelezo. Nani huyu, yuko wapi, kutoka kushoto ni nani na nani, shughuli gani. Mtu alikuwepo pale na kamera yake, na kama hakuwepo anakwambia picha katumiwa na mdau. Watu walioko nje, Uingereza, Marekani, Oman, walikuwa wanaiona nyumbani kupitia pale kwasababu waliamini kuna binadamu upande wa pili anayewaona.

Sasa linganisha na blogu ya ajira ambayo hujui mwenyewe nani, hakuna jina, hakuna namba, posti zote zimenakiliwa kutoka blogu nyingine mpaka makosa ya herufi. Hili la makosa ya herufi ndilo lililonisaidia kujua nani anamnakili nani. Kulikuwa na tangazo la madereva, blogu moja ilikosea ikaandika "leseni daraja la E au C1 ambayo amefanya kazi kwa muda usiopungua mwaka moja", hiyo "mwaka moja" nikaikuta kwenye blogu saba tofauti ndani ya siku mbili! Kwenye tangazo la asili ilikuwa sawa, mwaka mmoja. Kwa hiyo kati ya blogu nane moja tu ndio ilifungua chanzo, saba zilinakili kwa jirani. Hapo hapo nikazikata saba kwa mkupuo, maana kama zote zinakula sahani moja nafuata zote za nini.

Niseme kidogo kuhusu leseni za blogu maana watu wananiuliza. Mwaka 2018 zilipotoka kanuni za maudhui ya mtandaoni mwenye blogu alitakiwa kujisajili TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na gharama za kuanzia ukijumlisha maombi, leseni na ada ya mwaka zilikuwa zaidi ya milioni mbili. Blogu ndogo nyingi nilizokuwa nazisoma zilinyamaza kipindi kile, zingine nzuri tu, za mtu mmoja anaandika kuhusu kwao. Leseni mimi naiangalia kama dalili kwamba kuna mtu anajulikana na anapatikana, ila usiifanye ndio kipimo pekee, tangazo lililokatwa sifa limekatwa tu.

Na hapa kwenye sifa ndio pananigusa zaidi kwasababu ndipo watu wanapokosea. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yana masharti ya jumla mwishoni, karibu yanafanana kila mara: muombaji awe raia wa Tanzania mwenye umri usiozidi miaka 45, barua iwe imesainiwa, nakala za vyeti zithibitishwe na mwanasheria au wakili, na hati za matokeo ya kidato cha nne na cha sita, zile tunazoita rizalti slipu, hazikubaliki, wanataka cheti chenyewe. Aliyesoma nje vyeti vyake viwe vimehakikiwa na mamlaka husika, TCU, NECTA au NACTVET (zamani NACTE). Blogu nyingi zinakata kipande hiki chote kwasababu ni kirefu na wanaona kinajirudia. Sasa mtu anakuja kwangu na rizalti slipu amelamineti vizuri kabisa, anaamini hiyo ndio cheti, hakuna aliyemwambia. Nimekutana nao wengi mno, na ukimwambia hii haifai unaona uso unavyobadilika.

Ndio maana kuna blogu moja ilipanda juu kwenye buku langu kwa kitu kidogo tu, mwenyewe anaweka tangazo zima mpaka masharti, alafu chini anaongeza mistari miwili mitatu kwa maneno yake, mfano "kama hujachukua cheti chako shuleni nenda leo, usisubiri mpaka uitwe kwenye usaili." Huyo unajua kabisa ameshawahi kuomba kazi mwenyewe au amekaa na waombaji. Haina wasomaji wengi, sikuwahi kuletewa na mteja zaidi ya mara mbili, lakini naifuata mpaka leo.

Jaribio la mwisho nililofanya lilikuwa la kuwaandikia. Kila nilipokuta kosa nilimtumia mwenye blogu ujumbe kwa heshima, habari za kazi ndugu, tangazo lako la tarehe fulani umeandika mwisho tarehe 19, chanzo kinasema tarehe 9, tafadhali rekebisha watu wasikose. Niliandika kwa blogu tisa. Nyingi hazikujibu. Moja ilinijibu nilipie nafasi ya kutangaza biashara yangu. Mbili zilirekebisha, na moja kati ya hizo ilirekebisha ndani ya nusu saa alafu ikaweka juu kabisa "Tumerekebisha tarehe ya mwisho, awali tulikosea, tunaomba radhi kwa waliosoma mapema." Nilikaa nikaitazama ile sentensi. Nikaiprinti. Ipo ukutani mpaka leo juu ya mashine ya kopi, na kila nikiiona najisikia vizuri.

Wanaodai hela sikuwapima hata, niliwatoa siku ya kwanza. Blogu ikikwambia lipia elfu kumi ya usajili ndio uitwe usaili, au jiunge grupu la VIP upate nafasi kabla hazijatangazwa, toka humo haraka na umwambie na mwenzio.

Mwisho nilibaki na tano. Tatu za ajira kwa ujumla, moja ya kazi za mashirika peke yake, na hiyo ya maneno yake mwenyewe. Alafu ikaja shida ya kuzifuatilia bila kumaliza bando, kijana mmoja anayesoma SUA, chuo kikuu cha kilimo cha hapa Morogoro, alikuja kuprinti ripoti yake ya fildi akanionesha kwamba Blogspot yoyote ukiongeza /feeds/posts/default mwishoni mwa anuani unapata posti zake tupu, na WordPress nyingi unaongeza /feed. Hizo anuani unaziweka kwenye programu kama Feedly, ambayo ni bure kwa vyanzo mpaka mia moja, na asubuhi unakuta vichwa vya habari vyote vimepangwa bila kitufe cha kijani hata kimoja. Nikaweka zile tano, na zile tovuti za waajiri zenye huduma hiyo nikaziweka humo humo, ila portal yenyewe naingia kwa mkono kila asubuhi. Sasa hivi nikifungua duka saa moja na nusu, chai haijapoa nimeshajua leo kuna nini, na nikikuta kitu cha ualimu au uuguzi nawapigia wale walioniachia namba.

Mwezi wa pili mwaka huu kijana wa Kilosa alirudi, peke yake. Safari hii hakuwa na tangazo, alikuja kuniuliza dada kuna nini. Tukaangalia pamoja, kulikuwa na moja ya halmashauri inafungwa baada ya siku nane, nikafungua chanzo nikampa asome mwenyewe mpaka mwisho, masharti yote. Cheti cha kidato cha nne alikuwa nacho, namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, anayo, tukajaza mpaka ikatuandikia maombi yamepokelewa. Ameitwa usaili wa kuandika, bado tunasubiri matokeo.

Wiki iliyopita nimefuta moja kati ya zile tano. Nadhani imebadilisha mwenyewe, maana ghafla vichwa vimekuwa vyekundu na linki za chanzo zimepotea, nimeandika mara mbili sijajibiwa. Kwa hiyo nafasi moja iko wazi. Mwenye kujua blogu inayotoa kazi za kilimo na mifugo vizuri, na linki ya chanzo inaweka, naomba anitajie, hapa Morogoro vijana wa SUA wananiulizia kila siku na sina pa kuwapeleka.