Mgeni kwenye mjadala wa lumbesa

Ndugu zangu wa Mbeya na Njombe mnaoanza kuchangia mijadala mtandaoni, karibuni sana. Ila msirukie. Soma kwanza mjadala wote, na majibu yake, kabla ya kuandika. Mara nyingi swali lako limeshajibiwa huko chini, na ukilirudia watu wanakupita tu.

Chukua lumbesa ya viazi, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Ukiandika "wakulima tunaibiwa", utavuna matusi. Andika hivi: gunia limepimwa Uyole leo asubuhi, mzani umesoma kilo 130, na kanuni za vipimo zinataka lisizidi kilo 100. Weka picha ambayo namba za mzani zinasomeka, gunia zima lionekane, pamoja na ile nyongeza iliyoshonewa kamba juu. Ficha sura za wapakiaji na namba ya gari, maana hao hawakuomba kuingizwa kwenye ugomvi. Hapo anayebisha itabidi abishane na mzani.

Kwenye X akaunti ya bure inakupa herufi 280, nafasi zikihesabiwa. Hoja moja inatosha. Ukibananisha tatu, watajibu ile dhaifu.

Picha ya zamani ikizungushwa kama ya leo, usiisambaze. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu taarifa za uongo zinazotolewa kwa nia ya kupotosha.

Ukikosea, sahihisha palepale chini ya posti yako. Kufuta kimyakimya hakusaidii, skrinishoti zimeshapigwa.