Nilivyotengeneza fumbo la maneno la Kiswahili kwa Across Lite

Baba mdogo wangu ni mwalimu mstaafu, anaishi Nkuhungu hapa Dodoma, na gazeti kwake huanzia ukurasa wa chemsha bongo. Macho yalipoanza kumsumbua, vile visanduku vya gazetini vikawa vidogo mno. Nikaona bora nimwekee mafumbo ya maneno kwenye laptopu, ambako maandishi yanakuzwa mtu anavyotaka.

Niliweka Across Lite. Ni programu ya bure ya kufungulia na kujaza mafumbo ya maneno, nyepesi, na ukishaipakua haikuli bando tena. Faili la fumbo moja, lile la .puz, ni kilobaiti chache tu. Kuitumia hakuhitaji mafunzo: mishale ya kibodi inakusogeza, kile kitufe kirefu cha chini kinakugeuza kutoka neno la mlalo kwenda la wima. Ina sehemu ya kuhakiki ulichoandika na sehemu ya kukufunulia jibu. Hiyo ya kufunua baba mdogo aliikataa palepale. "Sasa mwanangu, kama linanipa jibu, mimi nakaa hapa kufanya nini?" Kuhakiki anakubali, maana herufi isiyo sahihi inapigwa mstari tu, kuitafuta iliyo sahihi ni kazi yako. Nami naona hapo ndipo programu inapoishinda karatasi: huhitaji kusubiri gazeti la kesho kujua kama umepatia.

Shida ilikuwa mafumbo yenyewe. Mengi ya .puz ni ya Kimarekani, yamejaa besiboli na vifupisho vya majimbo yao. Kiingereza cha baba mdogo ni kizuri kuliko changu, lakini besiboli ataijulia wapi?

Dawa ilikuwa kutunga ya kwetu. Across Lite inasoma pia faili la maandishi matupu, kwa hiyo Notepad ya Windows inatosha. Kuna vichwa vya sehemu ambavyo lazima uviandike kwa Kiingereza kama vilivyo: jina la fumbo, mtunzi, ukubwa, gridi (yaani jedwali la visanduku), vidokezo vya mlalo na vya wima. Kwenye gridi unaandika majibu mstari kwa mstari, na kila kisanduku cheusi unakiwekea nukta. Namba huweki, programu inahesabu yenyewe. Wewe panga vidokezo kwa utaratibu na uhakikishe idadi yake inalingana na maneno yaliyomo. Ukilifungua faili hilo kwenye Across Lite, unalihifadhi kama .puz, limekwisha.

Kazi kubwa iko kwenye gridi. Mafumbo ya Kimarekani hayaachi herufi peke yake: kila kisanduku ni cha neno la mlalo na la wima kwa pamoja. Kwa Kiswahili hilo haliwezekani, kwa sababu maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu. Maneno yanayoshuka yakifika mstari wa mwisho, mstari mzima unakuwa irabu tupu. Utaweka "ua", utaweka "oa", halafu? Upande wa kulia nako ni hivyo hivyo.

Nikahamia mtindo wa Uingereza, unaoruka safu. Maneno yanashuka kwenye safu ya 1, 3, 5 na kuendelea, katikati vyeusi vinajaa. Hapo mstari wa mwisho unataka irabu kwenye nafasi ya kwanza, ya tatu na ya tano tu, na maneno ya namna hiyo tunayo tele: akili, asali, ugali, usiku, amani. Gridi yangu ya kwanza ilikuwa ya 11 kwa 11, na mstari wake wa mwisho kwenye Notepad ulisomeka hivi:

UBUYU.UKAME

Yote mawili ya Dodoma kabisa. Ile E ya mwisho nikaishushia UWELE kutoka juu, kwenye safu ya mwisho kulia, nayo ina irabu pale pale zinapotakiwa. Kidokezo cha ubuyu niliandika "Humung'unywa, mbegu zikatemwa". Cha uwele, "Nafaka isiyoogopa jua la Ugogoni". Baba mdogo kwanza alijaza "mtama", akahakiki, ikapigwa mistari, akanung'unika kwamba hata mtama hauogopi jua. Ana hoja. Lakini visanduku ni vitano na mtama pia una herufi tano, kwa hiyo kidokezo nimekiacha, nikaona utamu uko hapo.

Ng'ombe nilimwandika NGOMBE bila ile alama yake, na ch, sh, ng kila moja inakula visanduku viwili. Wengine wangebana "ch" kisanduku kimoja, na programu inaruhusu herufi zaidi ya moja kwenye kisanduku, ila unaanza kumfundisha mtu vitufe badala ya kumwacha afikiri.

Sasa hivi natunga la 15 kwa 15 lenye wilaya za mkoa wetu. Niliihofia Mpwapwa kwa zile konsonanti zake, kumbe mstari wa juu haubagui, kwani pale maneno ya wima ndiyo yanaanza: M, W, P na A zote zinaanzisha maneno bila taabu. Imechukua visanduku saba vya kwanza, kisha cheusi kimoja, vikabaki saba. Chamwino ina herufi nane, kwa hiyo imeshushwa katikati.