Siku moja na kiroba cha mabaki: kushona vipande kwa mkono bila mchoro

Saa 12:30 asubuhi

Vipande vimelala kwenye beseni tangu jana usiku. Kabla ya chai, tazama maji. Yakiwa na wekundu au ubuluu, mwaga, suuza tena, rudia mpaka yatoke meupe. Wasumbufu wakubwa ni kanga nyekundu na vitenge vya rangi ya nili. Wengi hutia chumvi wakiamini inakamata rangi. Haikamati, rangi iliyozidi huondoka kwa kusuuza tu. Kipimo chake ni rahisi: weka kipande kilicholowa juu ya kitambaa cheupe, piga pasi. Alama ikibaki kwenye cheupe, rudi kwenye beseni.

Vipande vidogo kuliko kiganja huoshwa ndani ya foronya iliyofungwa mdomo. Vikiachwa huru, kingo zinafumuka, nyuzi zinasokotana, na unachotoa majini ni fundo moja kubwa.

Kushona bila mchoro kunasifiwa kwa uhuru wake, lakini uhuru huo unaanzia mezani, si hapa. Kipande kimoja kinachochuja rangi kinaharibu kazi ya siku mbili mara ya kwanza itakapofuliwa.

Saa 2:00

Vipande vimeanikwa kivulini. Sasa ni kwa fundi cherehani, kabla hajafagia.

"Habari za kazi, fundi? Mabaki yapo?"

"Nzuri, dada. Yapo kirobani, chagua mwenyewe."

Chagua pamba: kitenge, mabaki ya mashati, mapindo ya kanga. Tetroni, yaani poliesta, iache. Haikai mkunjo, na pasi ya moto wa pamba huinyauisha. Usipoijua kwa kuigusa, choma uzi mmoja juu ya sahani ya maji. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na huacha majivu laini. Tetroni huyeyuka ikawa kipunje kigumu cheusi. Kitambaa mchanganyiko hufanya yote mawili, nacho pia kinabaki kwa fundi. Utepe mwembamba kuliko sentimita 2 hauna faida, isipokuwa rangi yake haipatikani kwingine.

Saa 3:30

Pasi kwanza, kila kipande, kufuata uelekeo wa nyuzi. Ukiivuta pasi kwa mshazari, kipande kinanyooka na hakitalala tena.

Kitambaa cha chini ni bafta au shuka kuukuu la pamba. Kwa kazi ya sentimita 50 kwa 70, kata 60 kwa 80, maana mishono mingi huvuta kitambaa kikapungua pande zote. Anayekata kwa kipimo kamili hugundua jioni kwamba pembe zimekimbia.

Kupanga hakuna kanuni moja, ila anza na kipande cheusi kuliko vyote, kisha cheupe kuliko vyote, ndipo ujaze katikati. Rangi hudanganya. Nyekundu na kijani zinaonekana kupingana, lakini piga picha ya simu isiyo na rangi utaona zimekuwa kijivu kimoja, na kazi nzima imezama. Kipande cheupe chembamba juu ya cheusi nacho huonyesha kivuli cha kilicho chini. Kitilie bafta nyuma.

Kanga ina utamu wake. Pindo linatoa mistari mizito tayari, mji, yaani sehemu ya katikati, unatoa maua au korosho kubwa, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa, likikatwa linabaki neno moja moja. Usilitupe. "Wema" peke yake, bila methali iliyokuwa imelibeba, hulivuta jicho kuliko ua lolote.

Vipande vipandiane kwa sentimita 1, vishikwe kwa pini. Ukingo wa chini uachwe ulivyo, wa juu ukunjwe nusu sentimita. Tabaka zisizidi nne mahali pamoja, la sivyo sindano inagoma na panakuwa na nundu.

Saa 5:00

Bandi, yaani mishono ya muda ya kushikilia vipande. Mishono ya sentimita 3 hadi 4, mistari ikiachana kwa sentimita 8, kuanzia katikati kwenda nje. Ukianzia pembeni, kitambaa cha ziada kinakusanyika katikati na kutoa mikunjo isiyotoka. Tumia uzi wa rangi inayopiga kelele, uuone wakati wa kuufumua.

Saa 6:00 mchana hadi saa 11:00 jioni

Hapa ndipo siku inapokwenda. Mshono ni ule wa kwanza kila mtu hufundishwa, sindano kuingia na kutoka, safu baada ya safu. Wanawake wa Bengali, eneo la India na Bangladesh, hushona hivyo sari kuukuu zilizopangwa tabaka, kazi iitwayo kantha, na zamani uzi wenyewe ulichomolewa kwenye mapindo ya sari hizo.

Tuchukue uzi wa kutarizi wenye nyuzi sita ndani. Tumia mbili, ukizichomoa moja moja. Ukizivuta pamoja zinajisokota. Urefu ni kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko, kama sentimita 45. Mrefu zaidi hautakuokolea muda, kwa sababu unachakaa kwa kupita tunduni na kufunga mafundo. Sindano ni namba 7. Namba ikipanda, sindano inakuwa nyembamba. Vaa subana, kikofia kigumu cha kukinga kidole, kwenye kidole cha kati. Bila hiyo, kufika saa 8 kidole kimetoboka.

Beba mishono mitatu au minne kwenye sindano kabla ya kuvuta. Mwisho wa kila safu, pitisha kidole gumba juu yake kuulegeza uzi. Ukiruka hatua hii, kitambaa kinafinyana na hakuna pasi itakayokinyoosha. Kufinyana kidogo kunapendeza na ndiko kunakotofautisha kazi ya mkono. Kinachoharibu ni safu moja iliyobana kuliko jirani zake.

Hesabu: safu zikiachana kwa nusu sentimita, kimo cha sentimita 70 kinahitaji safu 140. Kila moja ina sentimita 50, jumla mita 70 za mshono. Uzi unapanda na kushuka, hivyo andaa kama mita 84. Kibunda cha mita 8 kikigawanywa mbilimbili kinatoa mita 24. Nunua vinne, na vyote siku moja, kwa kuwa rangi hutofautiana kidogo kati ya mafungu. Safu moja huchukua kama dakika tano.

Uelekeo wa safu ndio ubunifu wa pili. Pindua njia ukifika kwenye ua, lizunguke, rudi. Ukingo wa mshazari ushonwe mapema, milimita 3 kutoka mwisho, kabla haujanyooka.

Saa 11:30

Pini zote zitolewe. Unyevu wa pwani huzitia kutu usiku mmoja, na doa la kutu halitoki kwenye bafta. Zihesabu: zilikuwa 24. Safu 50 zimeisha, zimebaki 90. Kunja kwa kuviringisha kwenye bomba la karatasi, upande wa mshono nje.